Majani Yaliyokosa Udongo

Kihagara,
10 Februari 1974

Kwa shemeji yangu Evarist, Maguu.

Huku ziwani tu wazima. Mvua tunaipata, mbu tunawapata, samaki wanatuchagulia siku. Natumaini dada yangu Perpetua bado anakupikia. Kama ameacha, sema mapema tuje tumchukue.

Nina habari ya kukutoa mlimani. Unajua tangu nimekuwa katibu wa tawi la chama hapa, kazi yangu kubwa imekuwa kuazima viti vya mkutano na kuvirudisha. Sasa nimepata kazi ya kiume. Bwana Mbaruku, Bwana Shamba wa wilaya, yule Msambaa mrefu, anataka watu wa kuzunguka nchi na kuwaonyesha wakulima wa milima mingine jinsi ninyi Wamatengo mnavyolima ngoro, mashimo yenu ya mlimani. Anasema kwao Usambara kila masika udongo unateremka hadi mtoni, na huko Kondoa makorongo yamemeza mashamba. Ninyi mnalima mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, na udongo wenu upo palepale alipouacha babu yenu. Anataka mume na mke, maana mume ndiye anayefyeka na kupanga majani, na mke ndiye anayechimba shimo na kuyafunika. Jina lako limetajwa.

Njia nimepewa niipange mimi, kwa kuwa katika watu wote wa ofisi ni mimi niliyewahi kufika Tanga kwenye mkonge na kurudi na vidole vyote. Sikiliza. Tunaondoka Mbinga kwa lori la serikali, tunalala Songea misheni. Njombe, ubebe koti. Iringa tunapita. Morogoro tunasimama kwa Waluguru, kazi ya kwanza. Kisha Korogwe, tunapanda Lushoto, kazi ya pili. Moshi utaona theluji kama mawingu yatatuhurumia, na utaiangalia kahawa yao uone kama inaifikia yako. Arusha, Babati, halafu Kondoa, kazi ya tatu. Dodoma, Iringa tena, nyumbani. Ni mviringo, shemeji! Hatupiti barabara moja mara mbili mpaka Iringa.

Safari ni katikati ya Machi. Beba nyengo yako ya kufyekea.

Ni mimi mlamu wako,
Kilian

*

Maguu,
19 Februari 1974

Kilian,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sijaipenda.

Unasema jina langu limetajwa. Limetajwa na nani? Majina hayajitaji. Unasema katikati ya Machi. Machi ndiyo ngoro yenyewe, mwezi ambao mwanaume wa huku haachi mlima wake hata akiitwa na askofu. Unasema Bwana Shamba anazisifu ngoro. Bwana Shamba aliyekuwa kabla yake alisimama penye shamba langu akaniambia mashimo haya ni kupoteza nguvu, nilime matuta kama watu. Serikali imezipenda lini? Tena unaniambia nibebe nyengo. Mtu anayealikwa ugenini haambiwi aje na nyengo. Wanaoambiwa hivyo ni wafungwa.

Sasa sikiliza mengine. Juma lililopita walikuja vijana na Katibu Kata, wakachomeka vijiti vyenye rangi nyekundu toka barabarani hadi kijitoni, chini kabisa ya ntambo wetu. Hawakutuambia neno. Nimesikia ya mikoa mingine: vinaanza vijiti, linafuata lori, halafu unaona paa la nyumba yako liko chini na wewe uko barabarani unapewa kiwanja. Ntambo huu, mlima wote kati ya vijito viwili, alituachia babu, na mimi nimeulima tangu nikiwa mwepesi. Kwa hiyo naona mambo mawili yanakuja pamoja, vijiti na safari yako.

Na kuna la tatu, linaloniuma zaidi. Wewe wa ziwani unaijua sengu kwa kusikia tu. Ni kwa kaka yangu Aloyce, ndiko ukoo mzima unakula jioni. Kila mke analeta chungu chake, tunakula pamoja na maneno ya nyumbani yanasemwa hapo, hayatoki. Mwezi uliopita nilisema hapo: watanitoa ntambo huu nikiwa nimekauka. Jumamosi nimemkuta huyo Mbaruku wako penye ununuzi wa kahawa, akanipiga bega, akacheka: "Nasikia utatoka ntambo huu ukiwa umekauka!" Maneno yangu yaleyale. Nani aliyatoa sengu akayapeleka Mbinga? Aloyce? Hyasinti? Urbani? Ndugu zangu wote niliwatazama wakitafuna, na kila mmoja niliona anaweza kuwa yeye.

Sasa nakula nyumbani kwangu. Perpetua amenuna, lakini nakula nyumbani.

Evarist

*

Kihagara,
2 Machi 1974

Shemeji,

Nilidhani nakualika matembezi, kumbe nakupeleka jela! Nilipowasomea hapa barua yako, mama alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka akasema, huyu mtu anaumwa moyo, mwandikie vizuri. Basi naandika vizuri.

Vijiti nimeviuliza. Nimeambiwa ni vya bomba la maji. Sijaviona kwa macho, nakwambia nilivyoambiwa. Habari ya nani alisema nini sengu, hilo tuliache, nitakueleza tukiwa njiani. Si jambo la karatasi.

Rudi ukale na ndugu zako. Mimi Mnyasa naona hata kwa mbali kwamba hilo ni baya kuliko vijiti.

Na ili ujue sina ubaya, nimeomba tuongezewe Dar es Salaam kutoka Morogoro. Wamekubali. Utaiona bandari na mameli, utaniambia kama bado ziwa letu ni kubwa.

Mlamu wako,
Kilian

*

Maguu,
9 Machi 1974

Kilian,

Sasa umeongeza Dar es Salaam. Anayeongeza ni anayeuza.

Na kuna neno hutaki kuliandika. "Si jambo la karatasi." Mtu mwenye mikono mitupu huifungua.

Nimekata shauri. Mimi siendi. Perpetua ataenda, kwa kuwa ni dada yako na najua huwezi kumtupa. Yeye anachimba ngoro vizuri kuliko wanawake wengi waliozaliwa huku, ingawa alikuja kwangu akijua kukaanga dagaa tu. Majani utampangia wewe, mpanga njia. Mimi nabaki kulinda ntambo. Hilo lori likipanda, litanikuta nimesimama.

Nakudai jambo moja: umrudishe.

Evarist

*

Morogoro,
21 Machi 1974

Mume wangu, Baba Gertrude,

Tumefika salama. Dar es Salaam Kilian ameifuta mwenyewe, anasema imemletea fedheha ya bure. Njombe palikuwa na baridi ya kuuma meno. Iringa tuliteleza, lori likaingia mtaroni, tukalisukuma sote na Bwana Mbaruku akiwemo, viatu vyake vyeusi vikabaki kwenye tope akavifuata kwa mikono.

Hapa tumepandishwa milima ya Waluguru. Kweli ni mikali kama yetu. Wamekuja watu wengi, wanawake na majembe yao. Kilian akaambiwa apange majani. Evarist, ungekuwepo ungelia! Aliyatupa kama mtu anayetandaza nyavu. Huku mraba, huku duara, huku sijui niite nini. Nilichimba juu yake hivyohivyo, mashimo yakatoka moja kama sufuria, jingine kama kaburi la paka. Watu walikuwa na adabu, hawakucheka. Mzee mmoja akauliza, "Mama, mwenye kazi hii ya majani yuko wapi?" Nikamjibu mume wangu anaumwa.

Sikupenda kusema uongo ule.

Umefyeka? Umepanga? Flavia mke wa kaka Aloyce aliniahidi kwamba wanawake wa sengu watakuja kuchimba sehemu yetu kwa zamu, kama tunavyochimbiana kila mwaka. Lakini alisema wazi: aje akae nasi, asitufanye wageni. Nakuomba uende. Gertrude usimwite toka Mbuji, ana kichanga.

Nijibu kwa ofisi ya chama Kondoa, ndiko tutakaa zaidi.

Mkeo,
Perpetua

*

Maguu,
1 Aprili 1974

Perpetua,

Barua yako imefika, bahasha imebanduliwa kidogo pembeni. Labda ni mvua. Labda si mvua.

Nimefyeka mteremko wote, toka penye mgomba hadi juu. Majani yamenyauka vizuri na nimeyapanga. Sijawahi kuyapanga vile. Ukisimama ng'ambo unaona miraba imenyooka mlima mzima. Bado udongo tu.

Wanawake hawajaja. Wanapita juu na majembe begani, Flavia mbele, hata shingo hawageuzi. Nikasema mwenyewe, wameambiwa wasije. Nani amewaambia, ndilo ninalotafuta. Sikwenda sengu. Nitakaaje na watu nisiojua ni yupi kati yao anayebeba maneno?

Asubuhi nikishamaliza kazi nakaa penye jiwe, pale inapoonekana barabara yote. Kila lori la kahawa likipanda, moyo unapanda nalo. Chini wamechimba mtaro kufuata vijiti. Juzi nilimwona Aloyce anateremsha miti ya kujengea na mafungu ya nyasi. Nadhani anajenga banda la nguruwe. Sikumwuliza, naye hakunitazama.

Sasa unijibu haya. Je, Mbaruku amekuuliza ntambo wetu una nyumba ngapi? Amekupa karatasi yoyote uweke kidole au jina? Na huko uliko ndiko kweli? Nitajie unachokiona ukisimama mlangoni, nijue hawakuandikii kwa mkono wa mtu mwingine.

Evarist

*

Kondoa,
11 Aprili 1974

Baba Gertrude,

Nikisimama mlangoni naona korongo jekundu ambalo nyumba yetu na ya kaka Aloyce zingeingia na paa zake. Ng'ombe wanapita kwenye ukingo wake. Mkono ni wangu. Nani mwingine angekuandikia kwamba unakoroma ukilalia ubavu wa kulia?

Karatasi sijapewa. Bwana Mbaruku hajaniuliza nyumba. Alichoniuliza, tena mara nyingi, ni kwa nini majani hupangwa kwanza wima ndipo mengine yakatizwe juu yake, nami sijui, nimesema ni wewe unayejua. Lushoto alitupeleka kwa mama yake. Yule mama alinishika mikono akaigeuza akatazama sugu, akaniwekea makande mbele na kunikalisha kwenye kiti chake. Mwanawe anataka tu mlima wa mama yake uache kuteremka. Nilimwona uso alipokuwa akitazama. Mtu hawezi kuuigiza uso ule.

Sasa shika moyo, nikuambie lile ambalo Kilian alisema si la karatasi. Tulipokuwa njiani kutoka Babati alinieleza, naye alikuwa anaona haya. Maneno yako ya sengu hayakubebwa na Aloyce, wala Hyasinti, wala Urbani. Niliyabeba mimi. Januari nilimwandikia kaka yangu barua ya salamu, nikamwandikia kwa kucheka kwamba mume wangu ameapa kutoka ntambo akiwa amekauka. Nilikuwa najisifu, Evarist. Nilitaka wa kwetu wajue nimeolewa na mtu wa namna gani. Kilian akamsimulia Bwana Mbaruku, naye akasema, mtu anayeipenda ardhi hivyo ndiye ninayemtaka. Ndivyo jina lako lilivyotajwa.

Kwa hiyo ndugu zako hawana kosa. Ukimaliza kusoma hapa, usimalize barua. Nenda kwa Aloyce.

Wanawake wa hapa wanajifunza haraka. Mmoja alisema mashimo yetu ni kama viganja vya kukingia mvua. Wameniuliza habari zako. Nimesema bado unaumwa.

Nitakuwa Songea misheni kuanzia tarehe ishirini na tatu hivi.

Perpetua

*

Maguu,
17 Aprili 1974

Mdogo wangu Evarist,

Nakuandikia kama mtu aliye mbali, ingawa moshi wako nauona. Sina mahali pengine pa kuzungumza nawe, kwa kuwa hufiki sengu tangu Februari.

Marehemu baba alituambia, na wewe ulikuwepo, kwamba anayeacha kula na wenzake amepata kwingine pa kula. Hatukutaka kuamini. Tulikusubiri, kila siku tukiacha nafasi yako. Halafu mkeo akapanda lori la serikali, akaenda kutembezwa nchi nzima. Wewe hukwenda, ukabaki, na kila siku tunakuona umekaa penye jiwe unatazama barabara. Mtu anayekaa hivyo anangoja wageni. Tukaelewa wageni ni nani, na safari ya mkeo ni malipo ya nini.

Hatukutaka kuja kubebwa kama magunia, huku wewe umesimama ukionyesha nyumba ya nani ni ipi. Tumeshuka wenyewe. Mimi, Hyasinti, Urbani na wake zetu, tumejenga barabarani, karibu na bomba jipya. Nyumba za juu tumezivua nyasi kwa mikono yetu. Mashamba tutayafuata kwa miguu. Sengu sasa iko huku chini.

Flavia alitaka kwenda kuchimba ngoro zenu kwa ajili ya Perpetua. Nilimkataza. Nilisema serikali yake imchimbie.

Sikulaani. Wewe ni mtoto wa mama yangu. Ila ungetuambia uso kwa uso, tungeshuka bila chuki.

Kaka yako,
Aloyce

*

Maguu,
20 Aprili 1974

Perpetua,

Barua yako na ya Aloyce nimezipata siku moja. Nilisoma yako kwanza. Nikainuka kwenda kwake kama ulivyosema, na Katibu Kata akanikuta mlangoni akanipa ya pili. Nilienda vilevile. Nilipofika, nyumba yake ilikuwa fito tupu. Mafiga ya sengu yameng'olewa, limebaki jivu. Nilikuwa nauona ukingo wa migomba yake kila siku nikidhani nyuma yake kuna watu.

Nilirudi kwa Katibu Kata, nikamwuliza bila kuzunguka: kuna amri ya kutuhamisha? Akanishangaa. Akasema hapana, Maguu watu wamebanana tayari, hakuna pa kuwapeleka, tumeandikwa kijiji hapahapa tulipo. Vijiti vilikuwa vya bomba. Akaniuliza yeye sasa: kwa nini ndugu zako wameshuka? Alidhani ni mimi niliyewahimiza, akataka kunisifu mkutanoni.

Nimeulinda mlima ambao hakuna aliyeutaka, mpaka wenyewe wakaondoka.

Naona aibu. Nina hasira pia na sijui niitupe wapi. Nilitaka niwe na hasira nawe kwa barua ile ya Januari, nikajaribu jana kutwa, ikanishinda. Hukumwuza mtu. Ulinisifu.

Majani yako palepale nilipoyapanga. Miraba bado imenyooka, lakini yameanza kuwa meusi kwa mvua na mchwa wameyaona. Majani bila udongo ni takataka tu mlimani. Jembe nililishika mwenyewe juzi, nikachimba mashimo machache. Nikasimama. Si kazi ya mtu mmoja, na waliokuwa wakipita juu hawapiti tena.

Na bado, nikuambie ukweli, usiku wa jana nilijiuliza kama Katibu Kata hanidanganyi. Unaona nilivyo? Sasa nifanye nini?

Evarist

*

Songea,
24 Aprili 1974

Mume wangu,

Nimesoma barua yako kwenye kibaraza cha misheni. Nimelia, nikanawa, nikaja kukujibu. Barua hii ataileta dereva anayetangulia leo na mbolea, ili ikufikie kabla yangu.

Nimetembea mbali kuliko mwanamke yeyote wa Kihagara ninayemjua. Nimeona theluji ya Moshi, ni kweli ipo. Kila tuliposimama niliwaambia wanawake neno moja: kwetu mwanaume hawezi ngoro bila mkewe, na mke hawezi bila mumewe, na wote wawili hawawezi bila watu wanaokula nao. Na kila mahali waliniuliza, mumeo yuko wapi? Nimekudanganyia ugonjwa Morogoro, nimekudanganyia Lushoto, nimekudanganyia Kondoa. Maguu siwezi. Pale wanakufahamu.

Huniulizi, lakini nitakuambia nitakavyofanya. Keshokutwa lori litatuleta hadi Maguu. Sipandi moja kwa moja mlimani. Nitashuka barabarani, penye bomba, nitakwenda kwa kaka Aloyce, nitapiga goti nimsalimu, nitamweleza mbele ya wote barua niliyoandika Januari, kwamba maneno yalitoka kwangu. Kilian atakuwa pembeni yangu naye atasema yake. Halafu nitapika. Nimebeba mchele wa Morogoro na maharage ya Lushoto. Chungu changu kitawekwa pamoja na vingine.

Lakini kwa nini ulikaa penye jiwe, hilo siwezi kumweleza mimi. Ni lako. Ukisema uliogopa, sema uliogopa. Nami niliogopa, kila siku, kwamba nitarudi nikukute unakula peke yako ukiwa umegeuzia mlango mgongo.

Kupanda maharage kumechelewa ila hakujashindikana, mvua za mwisho bado zipo. Wanawake wakipanda mlima pamoja, mteremko ule unafunikwa. Na badala ya majani yaliyooza yafyekwe mengine. Ndiyo sababu nakuandikia.

Lori litafika mchana, na ndugu zako wote watakuwa wananitazama nikishuka. Watatazama pia kama kuna mtu aliyeteremka kunipokea.

Shuka mapema. Beba nyengo yako.

Mkeo,
Perpetua